Mvua ya Kujitakia

Jumapili, Novemba 3

Kasuku ameniletea daftari. "Andika, Mama," ameniambia, "maana ukiendelea kunizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, nitashikwa na kizunguzungu kabla hata ya kisu." Huyo ndiye binti yangu wa mwisho. Jina la Kasuku alipewa na marehemu baba yake, kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutembea na mpaka leo hajapumzika. Mimi shule niliishia darasa la nne, herufi zangu zinakwenda huku na huku kama nguo kambani siku ya upepo. Lakini nitaandika, maana nikisema nalia.

Jambo lenyewe ni hili. Kasuku ana uvimbe shingoni. Ulianza kama punje ya hindi, sasa ni kama yai la njiwa. Juzi daktari aliubonyeza kwa vidole viwili, akatazama picha zake, akasema utatolewa mwanzo wa Desemba, daktari bingwa akija. Mpaka utoke na kupimwa, hakuna ajuaye kama ni wa heri au wa shari. Tena mshipa wa sauti unapita papo hapo. "Kuna hatari sauti ikafifia, au ikapotea," alisema polepole, kama mtu anayeomba apishwe njia. Kasuku akamwuliza, "Daktari, majirani wamekuhonga?" Daktari akacheka. Mimi nilitazama sakafu.

Leo kanisani nimemwekea Mungu nadhiri. Sitaonja sukari mpaka mwanangu atoke hospitali akiwa mzima.

Jumanne, Novemba 5

Mvua imeanza. Mashuka ya nyumba ya wageni ninayoifulia hayajakauka.

Ijumaa, Novemba 8

Mvua ni adui wa dobi. Nimefunga kamba sebuleni, nimefunga nyingine ukumbini, tunapita humu ndani tumeinama kama wezi. Nguo isiyopata jua ina harufu yake, hata uipige pasi mara ngapi. Mteja huinusa kabla hajaitazama.

Kasuku amegundua habari ya chai. Amenitengenezea, nimemwambia usiweke sukari. Akanitazama.

"Ni tumbo?"

"Si tumbo."

"Basi ni mimi." Akaweka kijiko chini. "Mama, Mungu anakula sukari?"

"Nyamaza wewe."

"Nauliza tu. Kama hali sukari, unamnyima nani?"

Mtoto huyu. Nilikunywa chai yangu chungu, na kila funda nikasema moyoni: hii ni yake, Bwana, iandike.

Jumapili, Novemba 10

Mchungaji wetu ni kijana, ndevu zake bado zinatafuta njia. Leo amehubiri neema. Amesema ni zawadi, hainunuliwi, haifanyiwi kibarua, mtu hunyoosha mkono tu akapokea. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa natazama kitambaa cha meza ya Bwana, nilichokifua na kukitia wanga kwa mikono yangu, na nimeona kona moja haikunyooka. Sikusikia vizuri yaliyofuata.

Baada ya ibada nilimsubiri mlangoni. "Mchungaji, ile zawadi. Mtu anaongeza nini ili aipate? Afunge? Aahidi?"

"Hakuna cha kuongeza, Mama. Yesu alishamaliza. Wewe pokea."

"Pokea tu?"

"Pokea tu."

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Hajawahi kuzaa huyo. Hajawahi kuweka mkono kwenye kifua cha mtoto kusikiliza kama kinapanda. Na mimi ni dobi, doa nalijua. Doa haliondoki kwa kuambiwa liondoke. Kuna kuloweka, kuna kusugua, kuna kuanika, na la damu lina maji yake ya baridi. Sasa eti nafsi ya mtu itakate bila kusuguliwa?

Kasuku naye aliokoka vivi hivi mwaka jana. Tulikuwa tunakamua shuka, mimi ncha hii yeye ncha ile, akasema, "Mama, jana nimempokea Yesu." Kama mtu anayesema jana nimenunua chumvi. Nikangoja machozi, nikangoja maelezo. Akasema, "Vuta basi, maji yananichuruzikia." Tangu siku hiyo nina wasiwasi kama wokovu wake ulishika vizuri. Na sasa uvimbe huu. Nani ajuaye.

Jumatano, Novemba 13

Nimeongeza. Nimesimamisha godoro ukutani, nalala kwenye mkeka. Sukari peke yake ni kitu kidogo, hata mimi ningepewa sukari badala ya mtoto nisingekubali.

Jumamosi, Novemba 16

Mgongo.

Amekuja wifi yangu, dada wa marehemu. Wifi ana meza ya mitumba sokoni, sauti yake hufika kabla yake, kucha nyekundu, wanja mpaka masikioni. Kanisani anakuja kwenye harusi na misiba. Nimemvumilia siku zote kwa ajili ya kaka yake.

Ameingia, amepangua mashuka kamba baada ya kamba kama mtu anayevuka msitu, akaona godoro.

"Wifi! Kunguni?"

"Hakuna kunguni."

"Basi limekukosea nini mpaka likasimamishwa ukutani kama mtoto wa shule?"

Kasuku akacheka mpaka akakaa chini. Akamweleza yote: sukari, godoro, nadhiri. Nilitamani ardhi inimeze. Wifi akalitazama godoro, kisha akasema, "Wifi yangu, mimi dini siijui. Lakini kama ningekuwa Mungu, ningekuonea haya."

Nimemjia juu, nimemwambia kama ni haya aanze na zile kucha. Hakukasirika. Alimpaka Kasuku rangi kwenye kucha za mkono mmoja, wakaishia hapo kwa sababu chupa ilikauka. Alipoondoka nyumba ilinukia manukato hata kwenye nguo za watu. Nimezifua upya.

Jumanne, Novemba 19

Leo nilikuwa napeleka makoti meupe ya walimu wa maabara. Mvua ilikuwa kubwa. Nikafungua mwavuli, na pale pale wazo likanijia: mwenzako anangoja kisu, wewe unaogopa maji? Nikaufunga. Nimemwambia Mungu nitatembea bila mwavuli mpaka Kasuku atoke hospitali. Nilipita barabarani makoti yamefunikwa nailoni, mimi nimelowa chapachapa. Mwenye duka la kona akaniita, "Mama, umeushika mwavuli mkononi!" Nikamwambia najua.

Ajabu ni kwamba nilifurahi. Nilihisi angalau kuna kitu nafanya.

Alhamisi, Novemba 21

Chafya. Mvua. Pasi ya mkaa imenichoma kidole.

Jumapili, Novemba 24

Nimegombana na mwanangu.

Tulikuwa tunatoka kanisani. Mvua ikaanza, Kasuku akafungua mwavuli akanivuta ndani. Nikatoka. Akanifuata, nikasogea tena. Tulifika nyumbani tunacheza hivyo, watu wanatutazama barazani mwao. Nilipofika mlangoni kikohozi kikanishika, nikakohoa mpaka nikashika nguzo.

Kasuku akauweka mwavuli chini. Akasema, "Mama, nikuulize. Nikipona, utasema nini kimeniponya? Mwavuli?"

"Usimchezee Mungu."

"Nani anamchezea? Wewe unampimia sukari kwa kijiko! Na je, nikifa? Ukishalipa yote haya, halafu nife, utamdai?"

Nikamwambia asitamke neno hilo nyumbani kwangu. Akasema neno lenyewe liko humo ndani tangu daktari aliposema habari ya shari, tunalipita tu kama tunavyopita chini ya mashuka. Nikamwambia yeye imani aliipata kwa urahisi ndiyo maana haijui thamani yake. Hapo akanyamaza. Kasuku wangu, kimya. Akaingia chumbani.

Nilikaa na nguo mbichi. Mimi namwombea sauti, na leo nimeinyamazisha mwenyewe.

Jumatatu, Novemba 25

Hatujasemezana. Mvua.

Ijumaa, Novemba 29

Amesema, "Mama, chumvi iko wapi?" nami nimempa. Basi tumepatana. Kifua kinakoroma. Jumatatu tunaingia hospitali. Nimeandaa kikapu: kanga, sabuni, sahani, vikombe viwili, maana nitakaa naye siku zote, nitalala sakafuni chini ya kitanda chake, na sakafu nimeshaizoea. Kwa hilo tu mkeka umenifaa.

Jumatatu, Desemba 2

Sijui nianzie wapi.

Tulifika asubuhi, mimi, Kasuku na wifi aliyetubebea kikapu. Nimetembea mvuani kutoka kituoni mpaka lango la hospitali, wao wawili chini ya mwavuli wa wifi wenye maua, mimi nyuma yao. Wifi alikuwa anageuka kila mara anasonya. Wodini mlangoni kuna nesi mwenye miwani. Akaandika jina la mgonjwa, akauliza nani atakaa naye. Nikasema, "Mimi, mama yake," na lile neno mama halikwisha, kikohozi kikalikatiza. Nikakohoa, nikakohoa. Nesi akavua miwani.

Akaniwekea kipimajoto kwapani. Akakisoma. Akasema, "Mama, huingii."

"Nitaziba mdomo."

"Humu kuna watu wana mishono mibichi. Huyu binti yako akipata kikohozi chako hapasuliwi, na akikipata baada ya kupasuliwa, kikohozi kimoja kinafumua shingo. Unanielewa? Nenda nyumbani, kunywa dawa, ujifunike. Umepigwa na mvua?"

Kasuku alikuwa ananitazama. Afadhali angesema, nilikwambia. Hakusema. Macho yake yalikuwa makubwa kama ya siku zile alipokuwa mdogo nikimwacha kwa jirani, na hapo ndipo nikaona jambo ambalo sikuliona mwezi mzima wa maneno yake na utani wake. Mtoto anaogopa. Anaogopa sana. Alikuwa anangoja kuwa na mimi.

Nilimwahidi Mungu vitu vyote vile ili niwe karibu na mwanangu, na kimojawapo ndicho kimenifungia mlango.

Wifi akachukua kikapu. "Nitakaa mimi," akasema. Akatoa kitambaa akafuta wanja, akamwuliza nesi, "Na kucha nizitoe?" Nesi akasema kucha hazina neno, ila sauti ipunguzwe. Mlango ukafungwa. Una kioo kidogo. Niliwaona wakienda, wifi amemshika bega, na Kasuku akageuka mara moja.

Nikarudi nyumbani peke yangu. Mvua ilikuwa imekatika.

Jumanne, Desemba 3

Homa. Sikuweza kukaa.

Jumatano, Desemba 4

Jioni wifi amekimbia kuja kunitazama, Kasuku akiwa amelala. Ameshusha godoro bila kuniuliza, ameniinua kama fungu la nguo akanilaza juu yake. Amepika uji, ameniletea kikombe. Nikaonja: sukari. Nikakirudisha.

"Wifi, usinijaribu leo," akasema, lakini akakiacha pale.

Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, akawa anazungusha pete kidoleni. Nikadhani kuna habari mbaya. Nikamwambia aseme.

"Jana mtoto alishindwa kulala mchana," akasema. "Alikuwa anatetemeka. Akaniambia, shangazi, niombee. Nikamwambia mimi sijui kuomba, mdomo wangu umezoea kunadi nguo. Akasema, sema ukweli wowote ulio nao. Nikamwuliza, hivi yeye aliombaje ile siku aliyookoka? Akanieleza. Wifi, mimi ni mtu wa soko. Kitu cha bure nakijua, hakipo. Nikamwuliza mtego uko wapi. Akasema hakuna, gharama ilishalipwa na mwenyewe pale msalabani. Nikageuza maneno yake chini juu kama ninavyogeuza shati kutafuta tundu. Sikuliona tundu. Basi nikafumba macho, nikasema: Bwana Yesu, mimi ni yule wa sokoni, unanijua. Mtoto anasema wewe unatoa bure. Kama ni kweli, nipe na mimi."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Basi?"

"Ulitaka nitoe hotuba? Nililia kidogo, wanja ukaharibika. Mtoto akacheka, tetemeko likamwisha. Akalala."

Nilikuwa na hasira. Naandika kama ilivyo. Nimefua vitambaa vya kanisa lile tangu Kasuku hajazaliwa. Nimefagia, nimefunga, nimelowa, nimelala chini mpaka mgongo ukapinda. Na huyu, na manukato yake, anaingia mchana mmoja kwa neno moja, tena kitandani kwa mwanangu, mahali ambapo ningekuwa mimi! Nikamwambia, "Haiwezi kuwa rahisi hivyo. Mtu lazima ajisafishe kwanza."

Wifi akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. "Wewe ni dobi," akasema. "Umewahi kuona shuka likijifua?"

Nimegeukia ukutani. Ameondoka kurudi kwa Kasuku. Kesho asubuhi ndiyo siku yenyewe.

Alhamisi, Desemba 5

Asubuhi wifi alipiga simu: wamemchukua, mlango umefungwa, ngoja.

Nililala natazama bati. Mvua ilikuwa inapiga juu yangu nami sikuwa chini yake. Nikaanza kutafuta cha kumpa Mungu. Nikasema nitaacha chakula, nikakumbuka siwezi kula. Nikasema nitapiga magoti mpaka atoke, nikajaribu kushuka, chumba kikazunguka, nikarudi juu. Nikasema nitafulia watu bure, lakini mikono yenyewe haiwezi kukamua kitambaa cha uso. Nikapekua kila kona. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimelala kama shuka lililotupwa karaini, linangoja. Na lile neno la wifi likawa limekaa pale kitandani, halitoki.

Nikakumbuka mashuka yote yaliyopita mikononi mwangu. Hakuna lililowahi kunisaidia. Hakuna lililoniambia ngoja kwanza nitoe haya madoa, ndipo nije. Yanakuja yalivyo, yamefungwa fundo, mengine unafungua huku umegeuza uso. Na mimi sijawahi kulifukuza shuka kwa sababu ni chafu. Ningekula nini?

Nikacheka peke yangu, na kikohozi kikanikamata, na nilipopumua nikasema kwa sauti, maana hapakuwa na mtu: "Bwana Yesu, nilidhani dobi ni mimi. Nimechoka. Sina kitu. Nifue wewe. Napokea."

Nikangoja. Sikuona mwanga, sikusikia upepo. Nilisikia kiu. Uji wa wifi ulikuwa pale pale, umepoa, umeshika utando juu. Nikaunywa wote. Nilipofika chini ya kikombe, mahali sukari inapojikusanya, moyo ukanipiga paa! Umevunja nadhiri! Saa hii hii kisu kiko shingoni mwa mwanao, na wewe unalamba sukari! Jasho likanitoka. Nilitaka kujitia vidole kooni niutapike. Kweli nilitaka.

Kisha nikauliza, kwani nimepokea kwa nani? Kwa mtu anayeua mtoto kwa ajili ya kikombe cha uji? Kama ndiye huyo, basi hata mapipa ya sukari hayangetosha. Na kama ndiye yule aliyejitoa mwenyewe, basi ananijua, na uji aliuona tangu jana ukipoa. Nikakiweka kikombe chini. Nikalala usingizi.

Simu iliniamsha. Wifi alikuwa analia na kusema kwa pamoja, na nesi nyuma anamwambia apunguze. Kasuku ametoka. Yuko hai. Uvimbe umetoka mzima, wameupeleka kupimwa. Sauti haijulikani, hajajaribu.

Ijumaa, Desemba 6

Homa imeshuka. Wifi anasema Kasuku alifungua mdomo, hakikutoka kitu.

Jumatatu, Desemba 9

Leo nesi mwenye miwani amenipima, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akanipa barakoa, akasema, "Muda mfupi, Mama, na usimkumbatie shingoni."

Kasuku ameketi kitandani na bandeji kama kola ya kasisi. Wifi alikuwa pembeni anakunja kanga, ananikonyeza. Nilikaa. Sikuwahi kukaa mbele ya mtoto huyu nikakosa kukatizwa. Kimya kile kilinitia hofu kuliko damu. Akanikaribisha kwa mkono nisogeze sikio. Kikatoka kitu, si sauti, ni kama karatasi inayosuguliwa. "Umelowa?"

"Nimekuja na mwavuli," nikasema. "Ule wako." Ndipo nikamwambia yote. Nilimwambia nilivyopekua, nilivyokosa, nilivyosema napokea, na habari ya uji. Nilitaka kueleza vizuri na kwa heshima, lakini nilipofika mahali pa kutaka kuutapika, mabega yake yakaanza kucheza.

"Usicheke! Utafumua nyuzi!"

Alikuwa anacheka bila sauti, ameshika bandeji kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka. Wifi naye akaanza, huyo kwa sauti yake yote, wagonjwa wakageuka. Nesi akaja na macho makali. Nikajiziba mdomo kwa kanga juu ya barakoa, nami pia nilikuwa nacheka, au nalia, sijui.

Walipotulia, Kasuku akanivuta tena sikio. "Na ukampa nini?"

"Sikumpa kitu," nikasema. "Sikuwa nacho."

Akafumba macho, akakubali kwa kichwa, kidogo sana, kama mtu aliyefika nyumbani akavua viatu.

Daktari alipita. Sauti inaweza kurudi baada ya miezi, inaweza isirudi yote. Majibu ya uvimbe bado. Nikamshukuru. Nesi akasema muda umekwisha. Nje ya lango hofu yangu ilikuwa inaningoja, ikanifuata njia nzima kama mbwa wa jirani. Sikuifukuza, sikuilisha. Nilimwambia Bwana: huyu ni wako, nami ni wako, na la sauti silijui. Mdomo ukafunguka kuongeza neno, kuahidi kitu kidogo tu. Nikaufunga. Nikasema amina pale pale, katikati ya barabara, dereva mmoja akanipigia honi.